Risasi si ganda: historia ya kujaza viasi kwa mkono

Miaka michache iliyopita, siku ya tatu baada ya kumzika baba yangu mdogo kule Nyatike, Kaunti ya Migori, mjane wake alinivuta kando nyuma ya ghala la mahindi. Hakuwa na machozi tena. Alikuwa na hofu. Alinionyesha sanduku la bati lililofungwa kwa kamba ya katani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe umesoma. Hivi ni vitu gani, na je, vitatufunga?"

Nilipofungua nilikuta vitu ambavyo nilikuwa nimeviona mara ya mwisho nikiwa kijana wa shule ya upili. Mizani ndogo ya shaba yenye sahani mbili. Chuma chenye mikono miwili mfano wa koleo. Kopo la nta iliyokauka. Daftari lililokuwa limegeuzwa chakula na mchwa. Halafu, ndani ya soksi ya sufu, vigae virefu vya shaba ya manjano, kila kimoja kirefu kuliko kidole changu cha kati. Nilivihesabu. Vilikuwa 31.

Wanawe walikuwa na mawazo tofauti. Mmoja alitaka sanduku litupwe ziwani usiku. Mwingine alisema shaba ina bei kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mimi nilishauri tulipeleke kituo cha polisi, kwani ulikuwa mmojawapo wa ule msimu ambapo serikali hutangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Nilidhani kwamba jambo lenyewe litakuwa jepesi. Sikujua kwamba kabla ya jua kutua ningekuwa nabishana na afisa wa polisi juu ya nomino.

Afisa aliyetupokea hakuwa mkali. Alifungua kile kitabu kikubwa cha matukio, akavimwaga vile vigae mezani, akahesabu kwa kalamu, kisha akaandika: "Risasi 31 za bunduki kubwa." Binamu yangu, ambaye ndiye angetia saini, alianza kutokwa na jasho.

"Afande," nikasema, "hizi si risasi. Ni maganda."

"Prof, si ni kitu kimoja tu?"

Hapana, si kitu kimoja. Na hapo ndipo, msomaji mpendwa, makala haya yanapoanzia. Mtu anayepatikana na risasi bila kibali ana kesi nzito chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya sheria za Kenya. Mwenye maganda matupu ana la kueleza, lakini la kueleza si sawa na la kujitetea. Kati ya maneno hayo mawili palikuwa na uhuru wa binamu yangu. Nami, niliyefundisha leksikografia kwa zaidi ya miaka 30, nilijikuta nikitafuta msamiati ambao tulikuwa nao zamani na tukauacha ukaota kutu.

Tuanze na vitu vyenyewe. Kile tunachokiita "risasi" kwa mazoea ni vitu vinne vilivyounganishwa. Kuna ganda la shaba. Kuna fataki, kile kijikofia kidogo kinachotiwa kitakoni mwa ganda na kuwaka kikigongwa. Kuna baruti ndani. Na mbele kabisa kuna risasi yenyewe, ile inayoruka. Bunduki ikilia, vitatu vimekwisha kazi yake: fataki imewaka, baruti imekuwa moshi, risasi imekwenda zake. Ganda hubaki. Nalo ndilo lililo ghali kutengeneza. Kwa hiyo tangu ganda la shaba lilipobuniwa katika karne ya 19, wawindaji wameliokota, wakalisafisha na kulijaza tena kwa mkono.

Neno "risasi" limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni ile madini laini na nzito ya rangi ya kijivu. Mafundi wetu wa betri za magari bado hulitumia hivyo. Mpwani wa karne ya 19 aliposema "risasi" alikuwa na maana ya madini na tonge lililomiminwa kwa madini hayo, basi. Hakuwa na haja ya neno moja la kukusanya ganda, fataki, baruti na tonge, kwa sababu bunduki yake haikutumia kitu kama hicho. Ilishindiliwa kwa mdomo.

Hebu tukumbushane jinsi gobore lilivyojazwa. Mwenye nalo alipima baruti na kuimimina mtutuni, akatia kitambaa au makumbi, akatia risasi, akashindilia vyote kwa mdeki. Mdeki ni ule ufito wa chuma au mti uliochomekwa chini ya mtutu. Vijana wangu chuoni hawalijui kabisa neno hili, ingawa kitenzi "kushindilia" wanakitumia kila siku wanapozungumzia ugali. Kabla ya gobore la fataki kulikuwa na gumegume, lililowashwa kwa cheche za jiwe. Gumegume lilikuwa maarufu kwa kukataa kulia wakati unapolihitaji sana. Ndugu zetu wa Tanzania husema "mume gumegume" kumaanisha mume asiyefaa kitu, nami naamini, ingawa siwezi kuapa, kwamba wanawake waliobuni msemo huo walikuwa wanaijua vizuri tabia ya bunduki ile. Hata "fataki" nayo iligeuka huko: miaka ya 2000 ilikuwa jina la mzee anayewarubuni wasichana wa shule, katika tangazo la redio lililovuma sana.

Sasa, yule aliyekuwa akisafiri na gobore hakuweza kupima baruti upya kila mara simba anaponguruma. Alitayarisha mapema vifurushi, kila kimoja kikiwa na baruti ya mlipuko mmoja. Kifurushi hicho kiliitwa "kiasi". Kiasi cha bunduki. Kamusi za zamani za Kiswahili, zilizokusanywa na wamishonari wakati magobore yalipokuwa bado yanaingia Zanzibar kwa makumi ya maelfu kila mwaka, zinalitaja neno hili kwa maana hiyo bila kusita. Ganda la shaba lilipofika pwani baadaye, liliitwa kiasi vilevile, maana lilikuwa ni kile kile: kipimo kilichokwisha kupimwa.

Naomba nikiri jambo. Nilipokuwa na umri wa miaka 15 hivi, nilimcheka baba mdogo kwa neno hilo. Alikuwa ameketi chini ya mwembe nyumbani kwetu Lambwe, upande wa Homa Bay, akinieleza kazi yake, akasema kwamba wiki iliyopita "tulijaza viasi arobaini". Nilikuwa nimetoka kufundishwa darasani kwamba kiasi ni "kadiri" na nikaona mzee huyu Mjaluo anaharibu Kiswahili. Nikamsahihisha! Akanitazama tu. Yeye alijifunza Kiswahili chake kambini, kwa wazee wa safari waliotoka pwani na Tabora, na kile nilichodhani ni makosa kilikuwa Kiswahili kikongwe kuliko cha mwalimu wangu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika mgodi wa Macalder, hapo hapo Nyatike, ulikochimbwa shaba na dhahabu. Huko alizoea baruti ya kupasulia mwamba. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966 alikosa kazi, na mwindaji mmoja mzungu aliyekuwa akipeleka wageni katika vitalu vya uwindaji vya upande wa Mara akamchukua awe mbeba bunduki, kwa kuwa alisikia kwamba haogopi mlipuko. Si sababu mbaya ya kumwajiri mtu.

Bunduki aliyoibeba ilikuwa ya mitutu miwili, ya kaliba ya .470. Mtutu wake una upana wa takriban milimita 12, na risasi yake ina uzito wa gramu 32 na ushei. Ilikuwa bunduki ya nyati na tembo, ya jowi na liech kama tunavyosema kwa Kijaluo. Historia ya namba hiyo inastahili kusimuliwa, kwa sababu inahusu jambo hili hili la kujaza maganda kwa mkono.

Mwaka 1898 kampuni ya John Rigby ya London ilitoa bunduki ya .450 iliyotumia kodaiti, baruti isiyo na moshi. Bunduki hiyo iliwafurahisha wawindaji wa tembo kote Afrika na India. Lakini serikali ya Uingereza ilikuwa na wasiwasi. Majeshi yake yalikuwa yametumia kwa miaka mingi bunduki ya Martini-Henry, ambayo nayo ilikuwa ya .450, na nyingi zilikuwa zimeangukia mikononi mwa watu waliokuwa wakipigana na serikali hiyo. Itakuwaje wakizipata risasi za wawindaji, wakazing'oa na kuzijaza katika maganda ya Martini? Mwaka 1907 bunduki za kaliba ya .450 zikapigwa marufuku India na Sudan. Watengenezaji, ambao hawakutaka kupoteza soko, walibadili kipimo kidogo tu: wakaleta .465, .470, .475 na kadhalika. Kwa hiyo bunduki aliyoibeba baba yangu mdogo kwenye nyasi za Mara ilizaliwa kwa sababu dola lilimwogopa mtu mmoja asiyejulikana, mwenye koleo, mizani na subira, anayejaza maganda yake usiku.

Hofu hiyo haikuwa mpya. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Uliruhusu, kwa masharti, gumegume na baruti ya kawaida. Maana yake ni kwamba Mwafrika aliachiwa ile bunduki ambayo hukataa kulia, na mzungu akabaki na ile inayolia kila mara. Sisi wa kandokando ya ziwa tuliyaona matokeo yake mapema. Karungu ilikuwa kituo cha utawala wa Kiingereza kabla ya utawala huo kuhamia Kisii mwaka 1907, na mwaka uliofuata Abagusii walikabili bunduki za serikali kwa mikuki baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa Northcote, waliyemwita Nyarigoti. Septemba 1914 Wajerumani walipovuka mpaka na kuingia Kisii, askari wao wengi walikuwa na bunduki za muundo wa mwaka 1871, za milimita 11, zilizotumia baruti nyeusi. Kila mlipuko uliacha wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Hata hao walikuwa wamepewa silaha iliyopitwa na wakati.

Narudi kwenye vipimo. Kabla ya kaliba kutajwa kwa inchi au milimita, upana wa mtutu ulitajwa kwa ratili. Ukichukua ratili moja ya risasi ukaigawa matonge manne yaliyo sawa, bunduki inayopokea tonge moja kama hilo ni ya namba nne. Ukiigawa mara nane, ni ya namba nane. Ndiyo sababu namba ndogo ni bunduki kubwa, jambo linalowachanganya wengi hadi leo. Tonge la bunduki ya namba nne lina uzito wa gramu 113, yaani robo ratili nzima, kama yai kubwa mara mbili kwa uzito. Frederick Selous, ambaye aliuawa vitani Beho Beho, Tanganyika, Januari 1917, na pori kubwa likapewa jina lake, alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika kwa gobore la namba nne. Amesimulia jinsi siku moja gobore hilo lilivyokataa kulia, na msaidizi wake, asijue kwamba limejaa bado, akashindilia kiasi cha pili juu ya cha kwanza. Selous alipofyatua, lilimrusha nyuma na kumpasua shavu.

Viasi viwili badala ya kimoja. Hadithi hii niliisoma nikiwa mtu mzima, na nikakumbuka kwamba baba mdogo alikuwa na kawaida ya kuinama na kuchungulia ndani ya kila ganda kwa tochi kabla ya kuliziba. Kila ganda. Nilidhani ni uzee unaomjia mapema.

Kwa nini walijaza wenyewe, ilhali viwanda vilikuwepo? Hapa ndipo historia ya dunia ilipofika mpaka chini ya mwembe wetu. Kynoch, kiwanda cha Uingereza kilichokuwa kikitengeneza viasi vya bunduki hizi kubwa, kilianza kupunguza kazi hiyo katika miaka ya 1960 na hatimaye kikaiacha. Dola lilikuwa limekunjwa, makoloni yamejitawala, wanunuzi wamepungua. Mwindaji aliyebaki na bunduki ya bei ya nyumba hakuwa na cha kuilisha. Alichokuwa nacho ni maganda aliyoyatumia.

Kuyajaza hakukuwa rahisi kama ninavyosema. Kwanza kulikuwa na suala la fataki. Katika miaka ya 1860 watu wawili, kila mmoja kwao, walibuni fataki ya ganda la shaba: Edward Boxer wa Uingereza na Hiram Berdan wa Marekani. Wamarekani wakaishia kutumia ya Mwingereza, na viwanda vya Uingereza vikaishia kutumia ya Mmarekani katika bunduki za uwindaji. Msiniulize kwa nini. Tofauti ni kwamba fataki ya Boxer ikishatumika hudunguliwa kwa urahisi, lakini ya Berdan sharti ichokonolewe kutoka nje bila kuharibu kitako cha ganda. Maganda ya baba mdogo yalikuwa ya Kiingereza. Alikuwa na msumari uliopindwa kwa kazi hiyo na kovu kwenye kidole gumba.

Pili, baruti. Kodaiti ya kiwandani ilikuwa vijiti virefu mfano wa tambi, na katika maganda yenye shingo nyembamba ilitiwa kabla shingo haijaminywa. Ganda likishatumika shingo imekwisha kuwa nyembamba, na tambi hizo hazipiti kirahisi. Ikabidi watumie baruti ya chembechembe, iliyo tofauti kwa nguvu na kwa ujazo. Na bunduki ya mitutu miwili ina tabia yake. Fundi wa kiwandani huiunganisha mitutu hiyo akiijaribu kwa kiasi kimoja maalumu, mpaka yote miwili ipige mahali pamoja. Ukibadili kiasi, mtutu wa kulia unapiga kwake na wa kushoto kwake. Ukikizidisha, unaweza kuipasua bunduki na uso wako pamoja. Ukikipunguza, nyati hafi, anakuja.

Ongeza joto. Kodaiti huongeza shinikizo hali ya hewa inapokuwa na joto, hata viwanda vilitengeneza viasi maalumu vya nchi za joto, vyenye baruti pungufu kidogo. Mzungu aliyejifunza vipimo vyake katika baridi ya Uingereza alilazimika kuvifikiria upya jua la Februari linapoliangukia bonde la Lambwe. Baba mdogo aliniambia kwamba viasi havikuachwa ndani ya gari mchana. Vililala kivulini, ndani ya kikapu chenye nyasi, kama mayai.

Kuhusu lile koleo la sandukuni, hilo ni kalibu. Kalibu ni chombo cha kumiminia madini iliyoyeyushwa ipate umbo. Masonara wa Lamu na Mombasa wanalijua. Linatokana na neno la Kiarabu *qalib*, na wanaetimolojia wengi wanaamini kwamba neno hilo hilo ndilo lililopita Italia na Ufaransa, likawa jina la upana wa mtutu, na kuturudia kupitia Kiingereza likiwa "kaliba". Wanahabari wetu wa michezo sasa wanaandika "mchezaji wa kaliba yake" bila kujua kwamba wanamlinganisha kiungo wa kati na tundu la bunduki. Kalibu na kaliba, basi, ni ndugu wa baba mmoja: mmoja alikuja kwa jahazi moja kwa moja, mwingine akazunguka Ulaya kwanza. Kalibu ya baba mdogo ilikuwa ya kumimina risasi za kujifunzia shabaha. Zile za nyati zilikuwa na ngozi ngumu ya madini juu yake, na hizo ziliagizwa kutoka nje.

Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Mwaka uliofuata ikapiga marufuku na biashara ya bidhaa za wanyamapori. Sisemi kwamba ilikosea. Tembo na vifaru walikuwa wanaisha, na korongo wa Lambwe, swala mkubwa ambaye nchini Kenya amebaki kwetu tu, wako hai leo katika kilomita 120 za mraba za Mbuga ya Ruma kwa sababu kulikuwa na watu waliosema basi. Lakini marufuku hiyo iliwakuta watu kazini. Wazungu wengi walihama na bunduki zao, wengine wakaenda Tanzania, ambako uwindaji ulikuwa umesimamishwa mwaka 1973 na kuruhusiwa tena 1978. Wabeba bunduki walirudi vijijini. Hakuna aliyewauliza walijua nini. Mtu aliyeweza kupima baruti kwa usahihi wa chembe akawa mlinzi wa usiku wa duka la mbegu.

Mwajiri wake alipoondoka alichukua bunduki na baruti. Sanduku alimwachia, sijui kama zawadi au kama takataka. Naye akaliweka kwa miaka zaidi ya 30.

Turudi kituoni. Yule afande hakuridhika na maelezo yangu ya kamusi, na simlaumu. Alimwita mkubwa wake, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Huyu hakusema neno. Alichukua ganda moja, akaligeuza kitako juu, akatuonyesha shimo dogo katikati ya fataki: alama ya msumari wa bunduki. Kisha akaweka mdomo wa ganda kwenye midomo yake na kupuliza. Likalia kama filimbi ya refa.

"Hili ni tupu," akasema. "Andika maganda."

Binamu yangu akashusha pumzi. Lakini mama yule hakuwa amemaliza. Alilijaribu kila ganda, moja baada ya jingine, akiyapanga mstari mmoja. Alipofika mwisho kulikuwa na maganda matupu 29. Mawili aliyaweka kando. Hayakuwa matupu. Yalikuwa na fataki zisizo na alama, na mbele yake vichwa vya risasi vilivyokaa vizuri kabisa shingoni. Mimi nilivihesabu vyote 31 nyuma ya ghala na sikuliona hilo. Nilikuwa nimetazama shaba inavyong'aa.

Nilikumbuka ghafla. Wiki ya mwisho kabla ya marufuku kutangazwa, baba mdogo alikuwa kambini anajaza. Aliniambia baadaye kwamba vile vya mwisho havikupigwa kamwe. Nilidhani anajisifu tu, au analalamika.

"Na hizi mbili?" afande akauliza. "Hizi ni risasi hai, ama?"

"Risasi hai" ni Kiswahili cha kituoni na cha magazetini, na sikipendi, kana kwamba risasi ina mapafu. Lakini sikuwa mahali pa kumsahihisha mtu. Nilisema ukweli: kwamba hivyo viwili vimejaa, kwamba vilijazwa na marehemu kwa mkono wake kabla ya Mei 1977, kwamba mjane hakuvijua, na kwamba tumevileta wenyewe. Mama mwenye miwani alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza mzee mwenyewe alikuwa akiviitaje.

"Viasi," nikasema.

Alitafakari kidogo. Akamwambia afande aandike mistari miwili: maganda matupu 29, na chini yake, vya zamani, vilivyosalimishwa kwa hiari na familia, viasi 2 vilivyojaa. Mizani na kalibu vilichukuliwa pia. Daftari alilirudisha, maana halikuwa na kurasa zinazosomeka isipokuwa moja, yenye safu ya tarakimu kwa penseli, kila moja imepigiwa alama ya vema.

Afande alishika kalamu, akasita.

"Prof, ni viasi au vyasi?"

"Viasi," nikamwambia. "Ki, vi. Kiasi, viasi."

Akaandika. Binamu yangu akatia saini.

Tulipotoka nje mjane wa baba mdogo, aliyekuwa amengoja chini ya mti tangu asubuhi, aliuliza kama wamemwachia lile soksi. Alilifuma mwenyewe.